Kuzeeka Ukiwa Staa: Mwongozo kwa Mwigizaji wa Filamu wa Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwigizaji wa filamu au tamthilia anayeishi Dar es Salaam, ambaye jina lake bado linatajwa mitaani lakini simu za kumwita lokesheni zimeanza kupungua, pamoja na ndugu wanaomtegemea. Haufundishi namna ya kubaki staa, kwa kuwa watazamaji huhama na hawaombi ruhusa. Unafundisha namna ya kuhakikisha kwamba watakapohama, msanii anabaki na pa kulala, matibabu na heshima yake. Mambo hayo matatu hutegemea karatasi zaidi ya kipaji, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu karatasi.

Ujue kwanza ustaa unakugharimu kiasi gani

Kwa muda wa mwezi mmoja, andika kwenye daftari kila shilingi uliyoitoa kwa sababu tu unajulikana. Chakula, ada za watoto na umeme visiwemo. Andika teksi uliyoikodi kutoka Tabata kwenda Mwenge kwa kuona aibu ya kuonekana kwenye daladala, gari uliloazima na kulijazia mafuta ili ufike nalo kwenye hafla Masaki, wigi, kope na kucha, chakula cha vijana wanaoongozana nawe, na tofauti ya kodi kati ya nyumba unayoimudu na ile uliyoichagua ili wageni wasiseme. Baba mwenye nyumba wa Sinza au Mikocheni anayedai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo hampunguzii mtu bei kwa kuwa amemwona kwenye runinga. Mara nyingi huipandisha.

Andika pia michango, kwa sababu hapo ndipo pesa za wasanii wengi hupotelea bila kelele. Kamati za harusi, kipaimara na send-off humpangia mtu maarufu kiwango chake kabla hajaulizwa, na kadi humfikia ikiwa imeshaandikwa tarakimu. Njia inayofaa ni kutenga kiwango kimoja kwa mwaka mzima na kukisema kwa adabu, bila kujieleza sana: "Shangazi, mwaka huu nimetenga elfu ishirini kwa kila harusi, nanyi nimewawekea yenu." Watakaonuna watanuna mara moja tu. Anayetoa laki mbili leo ili asinuniwe huwa amejipandishia kiwango kwa harusi zote zijazo.

Mwezi ukiisha, linganisha jumla hiyo na kipato kilichotokana na uigizaji peke yake, ukiacha biashara nyingine. Ikiwa gharama za kuonekana zimezidi kipato hicho, basi kazi yako haikulishi. Wewe ndiye unayeilisha. Anza kupunguza yale ambayo mtazamaji hayaoni, yaani nyumba, gari na msafara, na uache kwa mwisho yale yanayoonekana mbele ya kamera, kwa sababu hayo bado yana uwezekano wa kukurudishia kazi.

Wazee wa Dar es Salaam waliozoea kujaza majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Odeon kutazama filamu za Kihindi watamkumbuka Bhagwan Dada, mchekeshaji na mwongozaji aliyetamba Bombay mwanzoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba alikuwa na jumba la vyumba 25 kule Juhu na magari saba, moja kwa kila siku ya wiki. Baadaye alitia fedha zake mwenyewe katika filamu ambazo hazikurudisha gharama, akauza jumba na magari, akarudi kuishi katika makazi ya wafanyakazi ya Dadar, ambako alifariki mwaka 2002. Ajabu ni kwamba hakuacha kuigiza. Aliendelea kupata nafasi ndogo ndogo kwa miaka mingi. Kilichomwangusha ni kuwa prodyuza kwa mali yake yote. Kwa hiyo, ukipata wazo la kutengeneza filamu yako ili "urudi", tumia fedha ambayo ukiipoteza bado utakuwa na pa kulala, na usiweke hati ya nyumba kuwa dhamana ya mkopo wa filamu hata kama hadithi ni nzuri kiasi gani. Mikopo inayotolewa kupitia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nayo ni mikopo. Wapo wanaoisikia na kudhani ni ruzuku.

Mikataba: iliyopita, ya sasa na ya matangazo

Katika miaka ya DVD, prodyuza alipeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, Kariakoo, msambazaji akainunua filamu nzima pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja, na mwigizaji alikuwa ameshalipwa chake lokesheni, mara nyingi kwa kusaini karatasi moja ya kukiri kwamba amepokea fedha. Utaratibu huo ulionekana wa haki wakati ule kwa sababu kila mtu aliondoka na pesa mkononi. Soko la DVD lilipoporomoka, filamu zile zile zikahamia kwenye chaneli za runinga na YouTube, zinatazamwa hadi leo, na walioigiza hawana cha kudai kwa sababu hawakuandikiana lolote kuhusu matumizi ya baadaye.

Jambo hilo halikutukuta sisi peke yetu. Mwaka 1960 chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani, kikiongozwa na Ronald Reagan ambaye baadaye alikuwa rais, kiligoma kudai malipo kila filamu inapooneshwa kwenye runinga. Mgomo ulipata mafanikio kwa filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo. Kwa zile za nyuma, chama kilikubali dola milioni 2.25 za kuanzishia mfuko wa pensheni na afya, na mastaa wakubwa wa miaka ya 1930 na 1940 wakabaki wakijitazama kwenye runinga usiku bila kulipwa hata senti. Haki ambayo haikuandikwa siku ya kusaini ni ngumu mno kuipata baadaye, hata kwa chama chenye nguvu kama kile.

Kwa mikataba ya sasa, usisome kwanza kiwango cha malipo, kwa kuwa hicho utakikumbuka bila kukisoma. Tafuta maneno "haki zote", "milele" na "duniani kote". Yakiwa katika sentensi moja, unauza na siyo kukodisha, na bei inapaswa kuwa ya kuuza. Uliza kazi itaoneshwa wapi na kwa muda gani, na iwapo ikihamishiwa chaneli nyingine au mtandaoni kuna mrabaha wowote, yaani fungu lako katika mapato yatakayoendelea kuingia. Prodyuza wengi wa tamthilia watakuambia kwamba mrabaha hauwezekani, na huenda wanasema kweli kwa sababu nao wameuza kila kitu kwa kituo cha runinga. Hapo omba angalau malipo ya ziada endapo vipindi vitarudiwa. Usiondoke bila nakala iliyosainiwa na pande zote mbili. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria kwa wasiojiweza, na kuutumia kabla ya kusaini kuna faida kubwa kuliko kuutumia wakati wa kulalamika.

Mikataba ya matangazo inahitaji umakini wa pekee, maana hapo unachokodisha ni uso wako. Marehemu Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto, alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 akiwa na umri wa miaka 70, baada ya kuchekesha Watanzania kwa miongo kadhaa. Alipokuwa mgonjwa ndipo umma ulipofahamu malalamiko yake kuhusu mikataba ya matangazo, na waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuichunguza. Inasikitisha kwamba mikataba ya msanii wa kiwango chake ilisomwa kwa makini akiwa kitandani.

Katika mkataba wa tangazo, dai kifungu kinachofanana na hiki: "Sura, sauti na jina la Msanii vitatumika katika redio, runinga, mitandao na mabango ndani ya Tanzania kwa miezi 12 kuanzia siku ya kwanza ya kurushwa kwa tangazo. Matumizi yoyote baada ya hapo, au nje ya Tanzania, yatahitaji mkataba mpya na malipo mapya." Ongeza sentensi inayokataza sura na sauti yako kutengenezwa upya kwa akili mnemba bila idhini yako ya maandishi. Kisha andika kwenye kalenda tarehe ya kumalizika kwa mkataba, na siku hiyo pita barabara ya Bagamoyo na ya Morogoro ukitazama mabango. Likiwapo bado, lipige picha ikionesha mahali na tarehe, uandike barua. Usianze kwa kulalamika mtandaoni. Kampuni huogopa barua ya wakili kuliko maneno ya mashabiki.

Kazi ulizotunga au kuzitengeneza mwenyewe zisajiliwe katika Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda filamu kwa miaka 50, muda unaotosha kuwanufaisha hata wajukuu, ilimradi umiliki ni wako. Jina lako la kisanii, hasa kama linauza vitenge, manukato au chakula, lisajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuwa alama ya biashara. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7 na huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara tu, hivyo mwenye biashara Zanzibar asajili na huko.

Sura, umri na nafasi za kuigiza

Greta Garbo, staa wa Hollywood, aliacha filamu mwaka 1941 akiwa na miaka 36, akaishi New York kimya kimya hadi alipofariki mwaka 1990. Wengi humsifu kwa kutoweka akiwa bado mrembo, lakini wanasahau kwamba aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa ametunza fedha zake. Asiye na akiba ya namna hiyo hana anasa ya kutoweka. Inambidi azeeke mbele ya kamera, na kwa bahati nzuri kwetu hilo linawezekana. Mtazamaji wa Kitanzania hapendi vijana peke yao. King Majuto na mchekeshaji mwenzake Mzee Small walipendwa wakiwa wazee, na hakuna tamthilia ya familia inayokwenda bila mama mkwe, mjomba mkorofi, bibi anayejua siri za ukoo au mzee wa mtaa.

Tatizo ni kwamba wengi husubiri wapewe nafasi hizo baada ya kunyimwa za ujana kwa miaka mitatu minne, wakati tayari wana kinyongo na madairekta wameshawazoea wengine. Ukifika miaka 38 au 40, mfuate dairekta mwenyewe umwambie kwamba uko tayari kuigiza mama au baba wa kijana wa miaka 18. Utakuwa na nafasi ya kuchagua, na hutashindana na mtu. Mwigizaji wa kike anayeng'ang'ania kuwa mchumba wa vijana hadi miaka 45 hupoteza hata zile nafasi za mama, kwa sababu hakuna anayethubutu kumpa.

Kuhusu ngozi nitasema kwa ufupi na bila kupepesa. Mkorogo huonekana kufaa kwenye kamera kwa muda, kisha humgeuka mtumiaji. Vipodozi vyenye zebaki vinaweza kuharibu figo, na vyenye haidrokwinoni au steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye mabaka na dhaifu, kiasi kwamba hata vipodozi vya kawaida vya lokesheni huiwasha na vidonda huchelewa kupona. Viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, lakini Kariakoo vinapatikana kwenye makopo yasiyo na lebo. Ukiwa umeshaanza, muone daktari wa ngozi kabla ya kuacha ghafla.

Sauti haizeeki haraka kama uso, na ndiyo rasilimali ambayo waigizaji wa Dar es Salaam wanaitumia kidogo kuliko inavyostahili. StarTimes iliwahi kuendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili kwa ajili ya tamthilia za Kichina, na Azam TV imeonesha tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Kazi hiyo hufanyika chumbani na vipaza sauti, haihitaji wigi wala gari la kufikia, na mwigizaji wa miaka 60 anaweza kusema maneno ya binti wa miaka 30 bila mtu kumcheka. Jifunze kusoma skripti kwa kufuata mwendo wa midomo ya mtu mwingine, rekodi sampuli za dakika chache zenye hisia tofauti, uzipeleke kwenye studio na vituo. Wenye subira ya kufundisha wanaweza pia kujitolea au kuomba vipindi katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo au kwenye vikundi vya maigizo vya shule.

Pensheni, bima na mfuko wa wenzako

Mwigizaji hana mwajiri wa kumkata mshahara, kwa hiyo ni lazima ajikate mwenyewe kupitia mpango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kwa waliojiajiri. Hesabu ya kuzingatia ni hii: ili mtu astahili pensheni ya kila mwezi anapaswa kuwa amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60. Anayeanza akiwa na miaka 45 hana mwezi hata mmoja wa kuruka. Anayeanza na miaka 30 anaweza kukosa michango wakati wa ukame wa kazi na bado akafika. Ukilipwa kwa mkupuo, lipia miezi kadhaa mbele siku hiyo hiyo, kabla habari za malipo hazijawafikia ndugu na marafiki.

Kiasi kingine kipeleke kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambako mtu hununua vipande kwa kiasi kidogo na kuviuza anapohitaji. Inafaa zaidi kuliko kiwanja kilichonunuliwa kwa haraka kwa stakabadhi ya mtendaji wa mtaa, ingawa najua wengi hawataniamini hadi wakutane na mmiliki wa pili wa kiwanja hicho. Bima ya afya ikatwe ukiwa mzima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila msanii anapaswa kuuliza ni kifurushi gani kinachomhusu yeye na watoto wake.

Lipo pia jambo la kufanya kwa pamoja. Mwaka 1921 Mary Pickford, Charlie Chaplin na wenzao wa Hollywood walianzisha mfuko wa kuwasaidia watu wa filamu walioishiwa. Miaka kumi na moja baadaye waliobaki kazini wakaanza kukatwa nusu ya asilimia moja ya mshahara kwa ajili ya mfuko huo, na mwaka 1942 ukafungua makazi ya wazee wao. Nusu ya asilimia ni shilingi elfu moja katika kila laki mbili. Kikundi cha waigizaji kumi na watano wanaoaminiana kinaweza kuanza kama kikoba cha kawaida, chenye katiba fupi, akaunti ya benki yenye watia saini watatu na mfuko wa jamii usiokopeshwa kwa sababu yoyote. Mweka hazina asiwe yule maarufu kuliko wote, kwani hakuna atakayethubutu kumuuliza hesabu.

Ugonjwa ukija

Staa anapougua Dar es Salaam, runinga za mtandaoni hufika nyumbani kabla ya baadhi ya ndugu. Familia iamue mapema, kabla ya ugonjwa wowote, nani atakuwa msemaji pekee, na iweke sharti kwamba kamera haiingii chumbani kwa mgonjwa. Mwandishi apewe maelezo na picha ya zamani iliyochaguliwa na familia. Mengine asubiri nje. Akibembeleza kwamba mashabiki wana haki ya kuona, ajibiwe kwamba mashabiki wana haki ya kuambiwa.

Michango siyo aibu. Watanzania walimchangia mwigizaji marehemu Sajuki kwa ajili ya matibabu yake India kabla hajafariki Januari 2013, na walifanya hivyo kwa upendo. Kinachovunja heshima ni vurugu za namba tatu tofauti za simu zinazozunguka kwa wakati mmoja. Tangazeni namba moja yenye jina linalojulikana kwa familia, semeni kiasi kinachohitajika kwa kutumia makadirio ya hospitali, toeni taarifa ya kilichopatikana kila wiki, na kikitimia tangazeni kwamba michango imefungwa. Mgonjwa asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama, na aliyefikisha miaka 60 aulize katika ofisi ya kata au manispaa kuhusu kitambulisho cha matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Wasanii hawapendi kukiomba. Waende ndugu kwa niaba yao.

Mwisho, andika wosia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husaidia kuuandika na huuhifadhi. Usiishie kutaja nyumba na shamba. Orodhesha kila filamu unayoimiliki na namba yake ya usajili, mikataba ya matangazo ambayo haijaisha, vipande vya mifuko, akaunti ya YouTube pamoja na barua pepe inayoifungua, na mtu utakayependa awe msimamizi wa mirathi. Asiyeandika hivyo huwaachia watoto wake chaneli yenye watazamaji wengi ambayo hakuna anayejua nywila yake, na mapato yake yanaendelea kuingia kwenye akaunti ambayo benki haitaifungua hadi mahakama iseme.